Chenji Iko Wapi?

Saa kumi na mbili jioni duka la mtaa linakuwa na watu wake. Wakubwa wameegemea nondo za dirisha wakibishana mpira, na katikati ya miguu yao kuna mtoto wa miaka sita hivi, ameinua mkono kwa sababu kaunta imempita urefu. Kiganjani ana noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne na sarafu ya mia tano iliyolowa jasho. "Mangi, naomba!" Mangi anahudumia wengine. (Dar muuza duka ni Mangi hata kama kwao ni Songea.) "Mangi! Mama kasema sukari robo, chumvi na kiberiti." Mangi anapima sukari, anafunga, anapiga hesabu kwa mdomo bila kumtazama mtu: mia nane, mia tatu, mia moja, elfu na mia mbili. Anasukuma mzigo pamoja na sarafu mbili, ya simba na ya swala. "Chenji yako hiyo. Usiichezee."

Nyumbani, kabla sukari haijafunguliwa, swali la kwanza ni moja: chenji iko wapi? Mtoto anafungua kiganja. Mama anatazama, mia tatu, anazifunga kwenye pindo la kanga, yamekwisha. Siku ikipungua mia, mtoto anarudishwa njia ileile akamwambie Mangi kwamba hesabu haikutimia, na Mangi naye atafungua droo huku akinung'unika. Zamani mkubwa alitema mate chini akamwambia mtoto arudi kabla hayajakauka, kwa hiyo hata kuhesabu kwenyewe kulifanywa mbio.

Ukilinganisha jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyomfundisha mtoto mdogo sarafu, utaona njia zinagawanyika mahali pamoja. Wapo wanaoanza na uso wa sarafu: hii ni ngapi, ile ni ngapi, zijumlishe. Wapo wanaoanza na chenji: hii ni ya nani, imebaki kiasi gani, irudishe. Mimi niko upande wa chenji, na nitasema kwa nini, ingawa upande huu nao una mambo ya kujibu.

Mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Padova, Italia, Anna Emilia Berti na Anna Silvia Bombi, walichapisha kazi kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 8 na namna wanavyoelewa malipo. Walipanga ngazi sita. Mtoto wa ngazi ya chini hajui kabisa kwamba vitu hulipiwa. Akipanda kidogo anajua lazima utoe kitu, lakini kwake sarafu yoyote inanunua chochote, pipi au baiskeli. Baadaye anagundua kwamba sarafu hazilingani nguvu. Kisha kwamba pesa inaweza isitoshe. Kisha anakuwa mkali kupita kiasi, anataka sarafu ilingane na bei sawasawa, na bei ikiwa ndogo kuliko sarafu aliyonayo atakwambia hainunui. Ngazi ya sita, ya mwisho kabisa, ndiyo kuelewa chenji.

Hans Furth, aliyezungumza na watoto wa Uingereza na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, alikuta jambo linalochekesha, nalo lina akili ndani yake. Wadogo wengi waliamini kwamba watu wazima hupata pesa dukani. Wamewaona wakitoa noti moja na kurudishiwa sarafu nyingi. Kwa jicho la mtoto, aliyeondoka na vipande vingi ndiye aliyefaidika. Ukikumbuka kwamba mtoto huyo anaweza kuhesabu hadi mia bila kukosea, unaona shida haiko kwenye namba. Anahesabu vizuri, ila hajui anahesabu deni la nani.

Marekani ndiko somo la uso linakohitajika sana, na kosa si la walimu. Sarafu zao zenyewe ni mtego. Ya senti 10 ni ndogo kuliko zote, ndogo hata kuliko ya senti 1. Ya senti 5 inaipita ile ya 10 kwa upana na kwa unene. Juu ya hayo, ya senti 10 haina tarakimu, imeandikwa jina lake tu kwa maneno, na ya senti 25 imeandikwa robo dola. Mtoto aliyejifunza kwa bidii kusoma 10 na 25 anazigeuza pande zote mbili na hazioni.

Sababu ni fedha, namaanisha madini yenyewe. Sheria ya 1792 iliweka sarafu za senti 5, 10 na 25 ziwe za fedha, kila moja ikibeba madini kwa kadiri ya thamani yake. Ya senti 10 ikawa na sehemu ya kumi ya fedha iliyomo kwenye dola, na ya senti 5 ya wakati ule ikawa nusu ya hiyo, kidude cha kupotea kwenye mshono wa mfuko. Mwaka 1866 wakaanza kutengeneza senti 5 nyingine ya shaba na nikeli, na kwa kuwa madini hayo ni rahisi, wakaipa umbo la kushikika. Mwaka 1965 fedha ikaondolewa kwenye senti 10, lakini vipimo vikabaki vilevile. Basi mtoto wa Ohio mwenye miaka saba anayedhani kikubwa ndicho chenye thamani anakwazwa na bei ya madini ya karne ya kumi na nane.

Shule inajaribu kumvusha. Viwango vya hesabu vinavyofuatwa na majimbo mengi vinaweka pesa darasa la pili. Mwalimu anagawa sarafu za plastiki na karatasi zenye picha; watoto wanazipanga kuanzia yenye thamani kubwa, wanahesabu kwa 25, kwa 10, kisha kwa 5. Wapo walimu wanaochora nukta juu ya picha ya kila sarafu ili mtoto aguse nukta kwa kalamu akihesabu tano, kumi, kumi na tano. Ni kazi ya subira na ina ufundi wake. Sasa imepata mtikisiko mpya: Novemba 2025, huko Philadelphia, zilitengenezwa senti 1 za mwisho za matumizi ya kawaida, baada ya gharama ya kutengeneza moja kupita senti 3, na karatasi nyingi za mazoezi zitabidi ziandikwe upya. Lakini ninachokikosa katika darasa lile ni mdai. Sarafu ya plastiki ikipotea chini ya dawati, mwalimu anafungua pakiti nyingine.

Kwetu sarafu zimekuwa rahisi kusomeka, japo si siku zote. Pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar ya 1882 ilichorwa mizani, na huo ni mchoro ambao mtoto wa Forodhani aliuelewa bila mwalimu. Chini ya Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, hadi walipoigawa kwa hela 100 mwaka 1904. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta shilingi ya senti 100, wakati kwao wenyewe shilingi ilikuwa peni 12 na pauni ilikuwa shilingi 20, hesabu iliyowatoa jasho watoto wa London hadi tarehe 15 Februari 1971. Kituko kidogo cha ukoloni: mtoto wa Tanga alihesabu kwa mamia karibu nusu karne kabla ya mtoto wa mtawala wake. Sarafu ndogo za wakati ule, ikiwemo ya senti 5 ambayo Wakenya waliiita ndururu, zilikuwa na tundu katikati na zilitungika kwenye uzi.

Baada ya uhuru wakaingia wanyama. Sarafu za Tanzania za 1966 zilikuwa na samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye 20 na sungura kwenye 50. Leo kuna vifaru kwenye shilingi 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200 na nyati kwenye 500. Kenya, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu kwenye pesa, ilitoa mwaka 2018 sarafu zenye twiga, kifaru, simba na tembo. Asiyejua kusoma humjua nyati kabla hajaijua 500. (Namwonea huruma mtoto wa Namanga anayetumwa pande zote mbili za mpaka: ana simba wa kumi na simba wa mia mbili, kifaru wa tano na vifaru wa hamsini.) Wajapani nao wana yeni 5 isiyo na tarakimu tulizozizoea, imeandikwa kwa herufi zao tu, lakini ina tundu na rangi ya manjano, na watoto wao huijua kwa tundu kama wetu wanavyomjua nyati kwa pembe.

Japani ndiyo nchi iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu inafahamu kutumwa dukani na imekufanya kuwa jambo la kitaifa. Katika miaka ya 1970 kilitoka huko kitabu cha picha cha watoto, "Hajimete no Otsukai", maneno ya Tsutsui Yoriko na michoro ya Hayashi Akiko. Kinamhusu msichana wa miaka mitano anayetumwa maziwa kwa mara ya kwanza, na sarafu mbili za yeni 100 mkononi. Anaanguka njiani, sarafu zinabiringika, anazisaka. Dukani sauti yake haisikiki, wakubwa wanahudumiwa kwanza. Hatimaye anapata maziwa, anatimua mbio kwa furaha, na muuza duka analazimika kumkimbilia: amesahau chenji. Msomaji wa Kariakoo hahitaji maelezo ya ziada hapo. Tangu 1991 televisheni ya huko ina kipindi chenye jina hilohilo, kinachowaonyesha watoto wadogo, wengine wa miaka miwili au mitatu, wakitumwa kwa mara ya kwanza huku wapiga picha wamejificha njiani. Wazazi wa Japani wanalia mbele ya televisheni. Mama wa Manzese angeuliza wanalilia nini.

Lakini Japani haikuishia dukani. Mwaka 1904 Hani Motoko, mwandishi wa magazeti, alitoa daftari la matumizi ya nyumbani ili mama wa nyumba aandike kila kilichoingia na kilichotoka, na madaftari ya namna hiyo yanauzwa mpaka leo. Watoto wana la kwao la pesa za mfukoni: tarehe, kitu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mtoto wa darasa la pili aliyenunua kifutio anaandika kifutio. Kile mama wa kwetu anachouliza kwa mdomo, hapo kinaulizwa na safu ya mwisho ya daftari. Tofauti ni kwamba mdai amehamia ndani ya mtoto mwenyewe: pesa ni yake, na anajidai yeye. Wazo zuri, ila linahitaji mtoto awe na pesa yake kwanza, tena kila wiki au kila mwezi, bila kukosa.

Na hapo ndipo desturi zinapogongana. Watafiti wa Kijapani Takahashi Noboru na Yamamoto Toshiya, waliolinganisha pesa za mfukoni za watoto wa Japani, Korea, China na Vietnam, wameonyesha kwamba mzazi wa Japani kwa kawaida hapendi mtoto wake amnunulie rafiki kitu wala akopeshane naye, wakati Korea mtoto kumnunulia mwenzake kitafunio ni dalili ya urafiki na malezi mema. Pwani yetu ingekaa kwa Wakorea bila kusita. Mtoto wa Makadara au Ng'ambo aliyenunua ubuyu wa mia na kujifungia nao atapewa jina, mchoyo, na jina hilo litamfuata hadi harusini. Hivyo thamani ya mia anayojifunza ina sehemu mbili: inanunua pakiti moja, na pakiti moja ina midomo minne. Daftari la Kijapani halina safu ya midomo hiyo. Sidhani ni upungufu wa daftari. Ni watu wanaoogopa mambo tofauti. Wao wanaogopa deni kati ya marafiki, sisi tunaogopa mtu kula peke yake.

Kuna siku moja ambayo hakuna anayedai chenji. Mkono wa Iddi ni wa mtoto mwenyewe. Anazunguka nyumba kwa nyumba na nguo mpya, "Shikamoo, mama mkubwa, Iddi mubaraka," na kila mlango unatoa sarafu au noti, kisha wote wanamiminika Mnazi Mmoja kwa malai, bembea na vichezeo vya plastiki ambavyo vitavunjika kabla ya Isha. Oman, kwa ndugu zetu wa miji ya ndani, asubuhi ya Iddi huwekwa masoko ya watoto yenye vichezeo na vitamutamu kwa shabaha hiyohiyo. Wajapani wana pesa za Mwaka Mpya, kwenye bahasha ndogo zilizopambwa, na wazazi wengi huchukua sehemu kubwa wakaiweka benki kwa jina la mtoto. Nimesikia walimu wakilalamika kwamba Iddi inawafundisha watoto ufujaji. Siafiki. Mwaka mzima mtoto ameshika pesa ya mama. Siku moja aishike yake na kuona inavyokwisha. Nani atamfundisha hilo vizuri zaidi ya yule mwenye bembea anayekataa kumpandisha mara ya tano kwa sababu mfuko umebaki na vumbi?

Zaidi ya anayetumwa kununua yuko anayetumwa kuuza, na huyu ndiye mwalimu wa wote. Tazama mama wa vitumbua alfajiri. Anavipanga kwenye ndoo, anahesabu viwiliviwili kwa sauti ili binti asikie: arobaini. Kimoja mia mbili, vitatu mia tano. Bei ya pili ndiyo inayovuruga kila kitu, kwa sababu arobaini si elfu nane tena. Inategemea nani kanunua vitatu na nani kimoja. Binti anaporudi, ndoo na pesa lazima vikubaliane, na mama hatumii karatasi. "Vimebaki vinne. Wa vitatu walikuwa wangapi?" Wanane. Vitatu mara nane, ishirini na vinne, elfu nne. Kumi na viwili vya mojamoja, elfu mbili na mia nne. Elfu sita na mia nne, leta. Binti wa miaka tisa alikwishajua jibu kabla hajafika mlangoni, kwa sababu alikuwa akilipigia hesabu njia nzima.

Geoffrey Saxe alikuta hesabu ya aina hiyohiyo kwa watoto wauza peremende wa Recife, Brazil, katika miaka ya 1980 ya mfumuko mkubwa wa bei. Nao waliuza kwa mafungu, kadhaa kwa noti moja, na walizijua noti kwa picha na rangi zake. Mji huohuo ndio uliotoa utafiti maarufu wa Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann wa 1985. Watafiti walijifanya wateja, wakauliza bei, wakadai chenji, na watoto watano wa sokoni wakajibu sawa asilimia 98 ya maswali. Baadaye watoto walewale walipewa hesabu zilezile kwa namba tupu, kama za shuleni, wakapata asilimia 37. Kijana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya madafu kumi, moja cruzeiro 35. Shule ingemwambia aongeze sifuri. Yeye alianza na matatu, 105, kwa kuwa matatu ndiyo fungu alilozoea kuuza. Akaongeza matatu, 210. Akaongeza matatu tena, 315. Na moja la mwisho, 350. Njia ndefu, lakini kila hatua ina madafu ndani yake.

Gustav Jahoda alikwenda mbele zaidi ya kuhesabu, akauliza kuhusu faida. Glasgow, mwaka 1979, alikuta watoto wengi wakiamini kwamba muuza duka hununua bidhaa kwa bei ileile anayouzia. Mwaka 1983 alichapisha matokeo ya Harare: watoto wa Kizimbabwe wa miaka 9 hadi 11 walielewa faida mapema kuliko wenzao wa Uingereza, kwa sababu walishiriki biashara ndogondogo za nyumbani. Haishangazi. Binti wa vitumbua anajua unga ulinunuliwa kwa ngapi, alitumwa yeye.

Ila tusijipongeze upesi. Enid Schildkrout, aliyeishi na kuchunguza maisha ya Kano, kaskazini mwa Nigeria, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba biashara ya akina mama Wahausa waliokaa ndani kwa desturi ya utawa ilisimama juu ya miguu ya watoto. Mama alipika ndani. Mtoto ndiye aliyepita mitaani akiuza, akikusanya, akileta habari za bei. Mwaka 1976 Nigeria ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote, akina mama hao waligundua kwamba shule inawachukulia wafanyakazi. Hali hiyo tunaijua Lamu, tunaijua Pemba. Hesabu anayoipata binti mwenye ndoo inalipiwa kwa kuchelewa darasani, kwa usingizi mchana, na kwa stendi ya basi saa mbili usiku ambako si kila mteja anataka karanga. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na binti wa miaka tisa hajaufikia. Ninapomsifu kwa hesabu zake, namsifu kwa jambo ambalo nisingependa binti yangu alijifunze kwa njia ile.

Kati ya karatasi ya Ohio na ndoo ya vitumbua, kutumwa dukani kuna faida ya kuwa kazi fupi, ya karibu, yenye mdai wa kweli. Na ndiyo inayopungua. Kenya ilipata M-Pesa mwaka 2007, Tanzania ikafuata mwaka uliofuata, na sasa duka la mtaa lina namba ya kulipia iliyobandikwa ukutani. Mama analipa akiwa kitandani. Mtoto anakwenda mikono mitupu, anataja jina la mama, anarudi na mzigo. Amekuwa tarishi tu. Hakuna cha kudondosha njiani wala cha kurudisha, na hesabu yote imefanyika kwa meseji ambayo hakuisoma. Panapobaki pesa taslimu, muuza duka hana sarafu ndogo, anatoa pipi badala ya hamsini. Nawajua akina mama wanaozikataa pipi hizo na kumrudisha mtoto, na majirani huwaona wana roho ndogo. Mimi nawaona walimu.

Shule inajua pengo lipo. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutumika mwaka 2019, unamtambulisha mtoto kwa sarafu na noti tangu gredi ya kwanza, na madarasa mengi yana duka la kuigiza: boksi tupu la majani ya chai, kopo la dawa ya meno, bei zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hata hivyo duka la kuigiza linaweza kuwa karatasi ya Ohio yenye rafu. Mwanzoni mwa 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Elizabeth Spelke na wenzao kuhusu watoto wanaouza sokoni Kolkata na Delhi. Miaka arobaini baada ya Recife, jambo lilikuwa lilelile: watoto wa sokoni walipiga hesabu ngumu za mauzo kichwani na kushindwa zile za kitabuni. Na watafiti waliongeza upande wa pili, ambao wengi wetu huusahau: watoto wa shule wasiouza, waliozoea hesabu za kitabuni, walikwama walipopewa hesabu ya sokoni. Kila upande una ujuzi, na mlango kati yao umefungwa.

Mlango huo unafunguka mahali padogo sana. Muuzaji hatoi chenji kwa kutoa, anapanda. Kitu ni mia saba, umempa elfu mbili: anaweka mia tatu mkononi mwako akisema "elfu," kisha noti juu yake, "elfu mbili." Hajawahi kufikiri 2,000 kutoa 700. Daftari la shule linataka namba zipangwe wima na mtoto akope kutoka tarakimu ya jirani. Ni hesabu moja yenye milango miwili, na mtoto wa sokoni akiingia kwa mlango wake anaambiwa amekosea njia hata jibu likiwa sawa.

Nimemwona mwalimu wa darasa la pili, mkoani Tanga, akilitumia hilo. Yeye ndiye aliyekuwa muuza duka wa kuigiza, na alikuwa akipunja makusudi. Watoto walipokea walichopewa wakashukuru, "Asante mwalimu," wakaenda kukaa. Msichana mmoja, ambaye darasa zima lilimjua kwa karanga anazouza mnadani, alisimama palepale mkono wazi. "Mwalimu, bado mia mbili." Akaambiwa aandike ubaoni amejuaje. Akashika chaki, akakwama. Kwenye daftari lake hesabu za kutoa zilikuwa na kosa kila mstari. "Basi sema, niandike mimi." Akasema kama anavyosema mnadani, mia tatu, mia nne, mia tano, na mwalimu akaandika namba zikipanda moja baada ya nyingine hadi mia tano. Kisha pembeni yake akaandika 500 kutoa 300 kwa mpangilio wa kitabu, akawauliza watoto kwa nini majibu yamefanana, na mjadala ukawa mrefu kiasi kwamba kengele ya uji ililia hawajamaliza.